Nimetoka mashine, mbona nachoka hivi? Maswali ya wanaosafishwa damu Dodoma na ndugu zao

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu hapa Dodoma. Maswali haya huulizwa kando ya mashine, kwenye korido, na mara nyingine sokoni Majengo na mtu aliyenitambua bila sare. Daktari wako ndiye mwenye vipimo vyako, kwa hiyo usibadilishe dawa kwa sababu umesoma hapa. Soma, kisha nenda na swali lako mkononi.

Mashine inanisafisha. Mbona natoka nimechoka kuliko nilivyoingia?

Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa wiki. Wewe unayekuja mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, unapata saa 12. Kazi ya siku mbili inabanwa ndani ya asubuhi moja.

Wakati umekaa pale, damu yako inapita kwenye chujio tena na tena, na upande wa pili wa chujio yanapita maji maalumu, kwa kawaida kama nusu lita kila dakika. Kwa saa nne hiyo ni lita 120, ndoo sita zile za kuchotea maji. Uchafu unatoka, chumvichumvi za mwilini zinahama, na maji uliyoyakusanya tangu zamu iliyopita yanavutwa. Sasa maji hayo yanavutwa kwanza kutoka kwenye damu. Yale yaliyojificha miguuni na mapafuni yanafuata polepole. Mashine ikivuta haraka kuliko yanavyofuata, mishipa inapungukiwa, presha inashuka, na kwa muda moyo na ubongo vinapata damu kidogo. Mzee mmoja aliniambia anajisikia kama aliyelima shamba la uwele tangu alfajiri bila kunywa hata uji, wakati kutwa nzima alikuwa amelala kitandani.

Kwa hiyo hujisingizii ugonjwa. Mwili umefanya kazi kweli.

Uchovu huo unatakiwa uishe baada ya muda gani?

Wapo wanaolala saa mbili wakaamka na kwenda dukani. Wapo wanaorudi kwenye hali yao kesho yake asubuhi. Watafiti wa figo wana swali moja rahisi wanalowauliza wagonjwa: "Ukitoka mashine, inakuchukua muda gani kurudi hali yako ya kawaida?" Jibu linapimwa kwa saa, na halikuwekwa kwa kujifurahisha: waliosema zaidi ya saa 12 walionekana kulazwa na kufariki zaidi kuliko waliorudi mapema. Kama wewe unapata nguvu jioni ya kuamkia siku ya mashine, yaani unafufuka ili urudi tena, hilo usilizoee. Liseme.

Nitajuaje uchovu wangu unatokana na nini?

Angalia saa. Hili ndilo ninalorudia kila siku hadi wenzangu wananitania.

Uchovu unaokuja ukishatoka mashine, ukiambatana na kizunguzungu, misuli kukaza au sauti kukauka, mara nyingi ni wa maji yaliyovutwa kwa kasi, au uzito wako mkavu umewekwa chini mno. Uzito mkavu ni ule unaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatoka. Ukinenepa kidogo kwa kula vizuri na uzito huo usipobadilishwa, tutakuwa tunavuta maji ambayo unayahitaji. Ukikonda usibadilishwe, tutakuachia maji, na utakuwa mzito, unahema ukipanda ngazi.

Uchovu unaokuja siku ya mapumziko marefu, ile wikendi ya siku mbili bila mashine, pamoja na kichefuchefu, miguu kuvimba na kukosa usingizi kwa kuhema, unasema uchafu na maji vimerundikana. Uliopo siku zote, asubuhi na jioni, mashine au hakuna mashine, hata kutandika kitanda ni shughuli: hapo nafikiria upungufu wa damu kwanza, halafu chakula, usingizi, moyo, na huzuni. Na mtu mmoja anaweza kuwa na uchovu wa aina zote tatu.

Chukua daftari dogo la shule. Kwa wiki mbili andika saa uliyotoka, saa uliyojisikia mtu tena, na ulishindwa kufanya nini. Basi. Usiandike insha.

Nimeambiwa damu yangu (himoglobini) ni 7. Shemeji ananiletea juisi ya rozela, bitiruti na majani ya matembele. Mbona haipandi?

Shemeji anakupenda, na kwa mjamzito aliyepungukiwa lishe anaweza kuwa na hoja. Kwako tatizo liko kwingine. Figo, mbali na kutoa mkojo, hutengeneza homoni inayoitwa erithropoietini, ambayo ndiyo inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikifa, amri haitolewi. Unaweza kunywa bitiruti pipa zima, kiwandani hakuna msimamizi.

Ndiyo maana kuna ile sindano wengi wenu mnaiita "sindano ya damu". Hiyo ndiyo homoni yenyewe, iliyotengenezwa maabara. Inafanya kazi kwa wiki, si kwa siku, na inahitaji madini chuma ya kutosha mwilini, ambayo mara nyingi hutolewa kwa njia ya mshipa. Mgonjwa anayechoma sindano lakini hana madini chuma ni fundi aliyeitwa kujenga bila tofali. Maambukizi yaliyojificha nayo huizuia, hasa kwa wenye katheta shingoni, ule mrija wa kupitishia damu. Kwa mtu wa mashine hatulengi damu ifike 14 kama ya kijana wa mpira. Kwa kawaida inatafutwa kati ya 10 na 11.5, kwa sababu kuipandisha sana kwa sindano kumeonekana kuleta kiharusi na damu kuganda.

Na ile juisi? Bitiruti na majani yaliyosagwa yana potasiamu nyingi, madini ambayo figo zako haziwezi tena kuyatoa. Yakizidi yanalegeza misuli na yanaweza kusimamisha moyo. Halafu juisi ni maji, na maji tutayazungumza sasa hivi.

Si bora basi niongezewe damu tu, nipate nguvu haraka?

Damu ikiwa chini sana au unatokwa damu, utaongezewa, na inaokoa. Lakini nguvu yake ni ya wiki chache. Kila chupa inaweza kuufundisha mwili wako kuikataa figo ya mtu mwingine, na kama una ndugu anayefikiria kukuchangia figo, hilo ni jambo la kulilinda. Muulize daktari kuhusu sindano na madini chuma kwanza.

Dodoma hii jua kali, vumbi, upepo wa kukausha midomo. Mnataka nisinywe maji?

Unywe, kwa kipimo. Kwa wengi ambao mkojo umekwisha, ni kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na anayekojoa bado huongezewa kiasi cha mkojo wake. Uji, chai, supu, soda, maziwa, tikiti maji na barafu vyote vinahesabiwa.

Sababu ni hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Chukua mtu wa kilo 60. Akija na kilo 2.4 za ziada, tunavuta mililita 600 kwa saa kwa saa nne. Ni mililita 10 kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa, mwendo ambao wengi wanauhimili. Akija na kilo 4.2, tunavuta zaidi ya lita moja kila saa, mililita 17.5 kwa kilo, na wataalamu wengi hawapendi kuvuka 13. Yule wa kwanza anatoka anatembea, wa pili anashikwa mkono. Ukitaka kujua kwa nini jirani yako wa kitanda cha tatu anatoka anacheka, chungulia mizani yake alivyoingia.

Ila kumkataza mtu maji bila kumkataza chumvi ni kumtesa. Kiu inaletwa na chumvi. Na hapa kwetu chumvi ina mlango wa nyuma ambao hautajwi: magadi. Mlenda unaopikwa kwa magadi, maharage yanayolainishwa kwa magadi, hiyo yote ni sodiamu ileile, hata kama hujaonja ukali wa chumvi ulimini. Nimemwona mama kutoka Kongwa aliyeapa hatumii chumvi kabisa, na kweli alikuwa haitumii, ila kila jioni ugali wa uwele na mlenda wa magadi, usiku kiu, alfajiri jagi zima limekwisha. Alipoanza kuupika bila magadi alilalamika kwamba hauvutiki vizuri. Lakini mizani ilishuka ndani ya wiki mbili, na akaacha kuketi chini stendi baada ya mashine.

Kwa kiu yenyewe: sukutua na uteme, nyonya kipande cha ndimu, tumia kikombe kidogo cha kahawa badala ya jagi, pima maji ya siku asubuhi kwenye chupa moja na usiazime ya kesho. Mwenye kisukari ajue sukari ikipanda kiu haitulii kwa ujanja wowote.

Na zabibu zetu?

Zabibu mbichi chache ni miongoni mwa matunda yenye afadhali, potasiamu yake ni kama nusu ya ile ya ndizi mbivu. Zabibu kavu ni habari nyingine kabisa, maji yametoka na madini yamebaki. Ubuyu nao, mbegu na unga, una potasiamu nyingi mno. Najua uko kila kona ya mji huu na unauzwa na rangi nzuri. Uache.

Kabla ya mashine niliambiwa nipunguze nyama. Sasa mnaniambia nile. Mmebadilisha maneno?

Hali yako ndiyo iliyobadilika. Wakati ule tulikuwa tunazipunguzia figo mzigo. Sasa kila zamu chujio linaondoka na sehemu ya protini yako ndogondogo, na mwili ukikosa unakula misuli yake. Mtu wa mashine anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Yai moja lina gramu kama sita, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anayekula yai moja na chai kutwa nzima hata nusu ya njia hajafika. Kuku, samaki, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, mayai. Nyama choma si mwiko, kachumbari yake na chumvi ya kuchovya ndivyo vyenye kesi. Mapaja yaliyonyauka hayana nguvu hata damu ikiwa 11.

Nikiomba nitolewe nusu saa mapema, kuna ubaya gani? Ndiyo naepuka uchovu.

Kwa mwezi mtu wa mara tatu kwa wiki anakuja kama mara 13. Nusu saa mara 13 ni saa sita na nusu, yaani umekosa zamu moja na nusu bila kujua. Maji yaleyale yanavutwa kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo unachoka zaidi. Kama unashindwa kukaa saa nne, sema kinachokushinda: mgongo, baridi, mkakamao wa misuli, kibofu. Vingi vina dawa. Tunaweza hata kupunguza joto la maji ya mashine kidogo, jambo linalosaidia presha isianguke. Utasikia baridi, hasa Juni na Julai, basi njoo na blanketi au kitenge. Lakini mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, au eneo la katheta uachwe wazi, sindano ikichomoka chini ya blanketi damu inamwagika na hakuna anayeiona.

Niko mara mbili kwa wiki kwa sababu ya gharama na nauli. Uchovu wangu ni kwa sababu hiyo?

Inawezekana kabisa, hasa kama mkojo umeisha. Sitakuhubiria, ninajua watu wa Kondoa, Mpwapwa na Manyoni wanaopanda gari gizani ili wafike zamu ya asubuhi. Uliza mambo mawili: bima yako inalipia zamu ngapi kwa wiki, na je, vipimo vyako vinaonyesha mara mbili zinatosha? Wakati huo huo kuwa mkali zaidi ya wengine kwenye maji, chumvi na potasiamu, maana pengo lako ni refu zaidi. Na linda mkojo uliobaki kama mboni ya jicho: dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazouzwa kama pipi, zinaumaliza.

Dawa za presha ninywe asubuhi ya siku ya mashine?

Swali hili ulizie jina la kila dawa. Kuna wanaoambiwa wanywe baada ya kutoka, kwa sababu dawa na mashine zikishusha presha pamoja, mtu anazimia. Kuna wengine wakiiruka presha inapanda hadi kichwa kinapasuka. Hakuna jibu la wote.

Mwenye insulini aongeze sikio hapa. Figo zilikuwa zinasaidia kuiondoa insulini mwilini. Sasa inakaa muda mrefu zaidi, na dozi ya mwaka juzi inaweza kuwa kubwa mno leo. Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa baada ya mashine, usiseme "ni ule uchovu". Pima sukari.

Usiku silali, mchana nasinzia kwenye mashine. Hilo nalo ni figo?

Mara nyingi ndiyo, na linatibika kuliko mnavyodhani. Wengine miguu inawatekenya wakilala, wanahisi kama wadudu wanatembea ndani ya mifupa, na nafuu ni kuamka na kutembea. Watu wazima kabisa wanaona aibu kulisema wakidhani wataambiwa wamelogwa. Ni tatizo linalojulikana, linahusiana pia na upungufu wa madini chuma, na lina dawa. Wengine wanawashwa usiku kucha kwa sababu fosfeti imezidi. Wengine wanakoroma, pumzi inakatika, wanashtuka mara nyingi bila kukumbuka. Hapo mke au mume ndiye shahidi, mgonjwa aje naye. Na dawa nyingi za kuondoa muwasho zinalevya hadi kesho yake mchana.

Ukilala saa nne zote kwenye mashine, na ukifika nyumbani ukalala tena hadi magharibi, usiku utakosa cha kulala. Jipe saa moja mchana, weka simu iite.

Mama yangu anashinda amelala. Ndugu wengine wanasema anadeka. Nimlazimishe?

Hadeki. Wagonjwa, ndugu na wataalamu wa nchi mbalimbali walipoulizwa ni mambo gani yapimwe katika kila utafiti wa watu wa mashine, uchovu uliwekwa kwenye orodha moja na kifo, magonjwa ya moyo na njia ya kupitishia damu kwenda mashine, yaani fistula au katheta. Wenye mwili wenyewe ndio waliosema.

Tatizo la uchovu ni kwamba hauonekani. Mguu uliovunjika una plasta, kila mtu anapisha njia. Mama aliyechoka anaonekana mzima, tena siku ya pili amekaa barazani anachambua mchele na kucheka, jirani anapita na kusema "si huyu hapa mzima?"

Nakushauri uangalie kitu kimoja: je, bado anavifurahia vile alivyokuwa anavipenda akipata nguvu? Akiwa na nguvu saa kumi jioni akaomba apelekwe kwaya au kwa mdogo wake, huo ni mwili. Asipotaka lolote hata siku njema, akisema yeye ni mzigo, akiuliza mashine ya nini, hiyo inaweza kuwa sonona, ambayo iko kwa wengi wa mashine na inatibika. Mwambie daktari mbele yake, kwa heshima, msizungumze kumhusu kama hayupo. Kazi ndogo mwachie. Mama aliyenyang'anywa mwiko, jembe na ufunguo wa duka kwa siku moja anazeeka kwa siku moja.

Nimechoka halafu mnaniambia nifanye mazoezi?

Ndiyo, na ninajua jinsi inavyoudhi. Misuli isiyotumika inasinyaa, na iliyosinyaa inachoka upesi. Anza siku ambayo si ya mashine, jioni jua likishapoa: dakika kumi hadi kwa jirani na kurudi. Wiki ijayo kumi na mbili. Siku mbaya, kaa kwenye kiti na usimame bila kushika, mara kumi. Tafiti za mazoezi kwa watu wa mashine, hata ya kukanyaga baiskeli ukiwa kitandani wakati damu inapita, zinaonyesha uchovu unapungua. Usinyanyue ndoo ya lita 20 kwa mkono wa fistula. Ukiumwa kifua, kizunguzungu au kuhema kusiko kwa kawaida, acha na uje.

Naweza kuendelea na kazi?

Wengi wanaendelea. Namfahamu anayekuja zamu ya asubuhi na kesho yake yuko ofisini Mtumba, na namfahamu mama lishe aliyehamisha siku zake za kupika zifuate siku zake za mashine. Omba zamu inayoendana na kazi, na mwajiri apewe barua mapema, si baada ya kukosa mara tano. Dereva wa bodaboda au gari asiendeshe akitoka mashine. Presha inaweza kuanguka nusu saa baadaye, ukiwa katikati ya barabara. Pangeni ndugu wa kukufuata, au kaa kwenye benchi dakika 20, simama polepole, ndipo uondoke.

Ramadhani au Kwaresima nifunge?

Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Ukiona lazima, zungumza na daktari na shehe au padri wako kabla, si siku ya pili ukiwa umeanguka. Kinachotuletea watu usiku ni futari: tende nyingi, juisi na uji kwa mkupuo mmoja.

Kinywaji cha nguvu? Dawa ya mizizi niliyoletewa kijijini?

Hapana kwa yote mawili. Cha kwanza kinakuazima nguvu kwa kafeini na kinakuongezea maji. Cha pili hakuna anayejua kilicho ndani, na kama ulishakunywa, tuambie. Hatutakugombeza. Tukijua tunapima potasiamu na ini.

Nikipandikizwa figo uchovu utaisha?

Kwa wengi unapungua sana, damu inapanda yenyewe kwa sababu figo mpya inatoa ile amri niliyoitaja. Si kwa wote, na dawa za kuzuia mwili usiikatae ni za kila siku. Zamani ilikuwa safari ya India. Upandikizaji ulianza Muhimbili 2017, na hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza 2018. Mchangiaji ni ndugu aliye hai, mwenye afya, anayekubali kwa hiari yake. Anzeni mazungumzo ya familia mapema, yanachukua muda kuliko vipimo.

Lini uchovu si wa kusubiri zamu ijayo?

Miguu ikilegea ghafla ukashindwa kusimama, moyo ukapiga ovyo au polepole mno, hasa baada ya kukosa zamu au kula matunda mengi: inaweza kuwa potasiamu, njoo saa hiyo hiyo, hata usiku. Vilevile kuhema ukilala chali, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, homa na kutetemeka ukiwa na katheta, fistula kutoa damu isiyokoma au ule mtetemo wake kunyamaza. Usipite duka la dawa kwanza.

Nikiulizwa "unaendeleaje?" nijibu nini?

Swali hili nimeliacha mwisho makusudi. Hapa kwetu ukisalimiwa kwa Kigogo "Mbukwenyi", unaitikia, na mambo ni mema hata kama nyumba inaungua. Unakuja mashine, nakuuliza unaendeleaje, unasema "namshukuru Mungu". Nami naandika kwenye faili: hana malalamiko. Yule mama wa Kongwa alinijibu hivyo miezi mitatu. Siku moja nikamuuliza, "Mama, juzi ulipotoka hapa, ulifika nyumbani saa ngapi?" Akasema saa mbili usiku. Alikuwa ametoka kwetu saa saba mchana. Sehemu kubwa ya muda huo alikuwa amekaa chini stendi, mgongo kwenye ukuta, magari yanaondoka, hana nguvu za kupanda ngazi ya basi.

Mshukuru Mungu, kisha uendelee: "Juzi nimetoka saa saba, nimepata nguvu jana saa tano asubuhi. Nilishindwa kufua. Presha ilishuka saa ya tatu ya mashine, na nilikuja na kilo tatu na nusu." Hayo ni kama sekunde 15. Nikiyasikia navuta faili, naangalia uzito mkavu, damu ya mwezi huu na dawa za asubuhi, na daktari akija nina cha kumwonyesha.